Misukosuko midogo ndani ya mizunguko ya bahari
Ni mivurugiko ya maji yenye upana wa kilomita 1 hadi 10 hivi, inayozuka ndani na kandokando ya mizunguko mipana, kama ule wa pwani ya Somalia unaoshamiri msimu wa kusi na kuzidi kilomita 300. Wapo wanaoweza kuipuuza kwa kuwa hudumu saa au siku chache tu, ilhali mzunguko mama hudumu miezi. Hoja hiyo hupima umri, haipimi kazi. Mzunguko mpana kwa kawaida hupandisha au kushusha maji mita chache kwa siku. Msukosuko mdogo, pale maji mazito yanapokutana na mepesi, huweza kuyasogeza makumi ya mita kwa siku, na virutubishi vikafika kwenye mwanga. Kusaidia kuichunguza misukosuko hii, setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, hupima kimo cha uso wa bahari. Mwendo wa wima wa maji hukadiriwa kwa hesabu kutokana na kimo hicho.