Riwaya Kabla ya Kamusi: Namna Wasomaji wa Kiswahili Walivyojifunza Maneno



1. Utangulizi

Neno "sherehe" lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza haihitaji kuelezwa: ni shangwe ya harusi, ya Idi, ya mahafali. Ya pili huijua zaidi wasomaji wa vitabu: ni maelezo ya maneno magumu yanayowekwa mwishoni mwa kitabu. Asili yake ni neno la Kiarabu "sharh", yaani ufafanuzi. Mimi niliifahamu maana hii ya pili kwa kuaibika. Nilipokuwa kidato cha pili nilifunua kurasa za mwisho za riwaya tuliyopewa darasani, nikaona kichwa "Sherehe", nikawatangazia wenzangu kwamba kitabu kinamalizika kwa harusi. Mwalimu aliniachia hadi tulipofika mwisho. Harusi haikuwapo. Palikuwa na orodha ya maneno kama sitini, kila moja limepewa maana ya mstari mmoja.

Mhadhara huu unahusu orodha hiyo, na unahusu zaidi kurasa zinazoitangulia. Hoja yangu ni kwamba kwa takribani nusu karne riwaya ya Kiswahili ilifanya kazi ambayo katika lugha nyingi hufanywa na kamusi: ilimfundisha msomaji maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili. Aidha, nitajaribu kuonyesha kwamba sherehe, iliyowekwa ili kumsaidia msomaji wa riwaya, imefikia hatua ya kuchukua nafasi ya riwaya yenyewe katika shule zetu.

2. Kamusi zilizopitia Kiingereza

Tukizitazama kamusi kubwa za awali za lugha yetu, tunaona kwamba hazikuandikwa kwa ajili ya Mswahili. Kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882 ilikuwa ya Kiswahili kwa Kiingereza. Ya A. C. Madan ya mwaka 1903 ilikuwa hivyo hivyo, na ile iliyohusishwa na jina la Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939 baada ya yeye kufariki, ilifuata njia ileile. Walengwa wake walikuwa mmisionari, hakimu, bwana shamba na mwalimu kutoka Ulaya. Johnson huyohuyo alitoa kamusi ndogo ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935, na kwa jambo hilo anastahili shukrani. Lakini ilikuwa ndogo mno kwa msomaji wa fasihi. Ilibidi tusubiri hadi mwaka 1981, ilipotoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndipo tukapata kamusi pana inayoeleza Kiswahili kwa lugha yenyewe.

Hebu tuitafakari hali ya mwanafunzi wa miaka ya 1960 au 1970. Anasoma riwaya ya Kiswahili, anakutana na neno asilolijua, anakwenda maktaba kulitafuta. Kamusi inampa neno la Kiingereza, ambalo aghalabu nalo ni geni kwake. Ili aijue lugha ya pwani yake mwenyewe, au lugha ya taifa lake, anapaswa kupita mlango wa lugha ya mtawala. Wengi hawakupita. Walirudi katika riwaya, wakaendelea kusoma, na neno likajieleza lenyewe katika ukurasa wa arobaini au wa themanini.

3. Riwaya kama mwalimu wa maneno

Kazi hii ya riwaya ilianza na tafsiri. Mwaka 1929 zilichapishwa Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambazo Johnson alihusika kuzifasiri. Tumezoea kuzilaumu tafsiri hizi kwa itikadi yake, na lawama hiyo ina haki yake. Kwa upande wa msamiati, hata hivyo, kuna jambo la kuzingatia. Hadithi ya mabaharia ilipokuja katika Kiswahili ilikuta lugha yenye baharia wake: tanga na mlingoti, foromali, tezi na omo, vyote vilikuwa na majina tangu zamani. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikuwa umekichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilianza kazi. Mtoto wa Tabora au wa Songea, asiyewahi kuiona bahari, sasa alitarajiwa kusoma kwa lugha ya watu wanaoishi kwa pepo za kaskazi na kusi.

Shaaban Robert alifundisha maneno kwa njia nyingine. Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, wahusika ni maneno yanayotembea. Karama anashtakiwa, Majivuno anamshtaki, na miongoni mwa wajumbe wamo Buruhani, Auni na Ridhaa. Msomaji ambaye hakujua kwamba auni ni msaada, au kwamba buruhani ni dalili na hoja ya wazi, hakupewa tafsiri. Alimfuata mjumbe katika safari yake, akaona taabu zake na malipo aliyoyapata, na jina likabaki kichwani pamoja na hatima ya mwenye jina. Tena, nathari ya Shaaban Robert hupenda kupanga pamoja maneno mawili yenye maana jirani, moja la asili ya Kibantu na jingine la asili ya Kiarabu. Wahakiki wengine wameliita jambo hili urembo. Kwa msomaji wa bara lilikuwa msaada mkubwa, kwani neno alilolijua lilimshika mkono kumpeleka kwa neno asilolijua.

Baadaye ikaja riwaya ya Unguja na Pemba. Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilichapishwa mwaka 1960, alituletea Bwana Msa na kiko chake, pamoja na mazungumzo ya barazani. Akafuata Mohamed Suleiman Mohamed na Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976); Adam Shafi na Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979); na Said Ahmed Mohamed na Utengano (1980). Waandishi hawa hawakuandika kwa Kiswahili cha Kamati. Waliandika kwa lugha waliyoinyonya, yenye maneno ya jikoni, ya mashamba ya karafuu na ya bandarini. Msomaji wa Kuli anaingia pamoja na Rashidi katika dunia ya gati, tishali na shehena, na anajifunza dunia hiyo kama kijana mgeni anavyojifunza kazi: kwa kuwatazama waliomtangulia.

Isidhaniwe kwamba riwaya yenye maneno mageni ndiyo pekee yenye kufundisha. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika Rosa Mistika (1971) kwa msamiati ambao msomaji wa bara aliumudu bila shida. Lakini katika Kichwamaji (1974) jina lenyewe la kitabu limeundwa kwa maneno mawili ambayo kila mtoto anayajua, na msomaji anapaswa kusoma kitabu kizima ili ajue yameungana kumaanisha nini.

Ni lazima tuseme pia kwamba Kiswahili kina tabia inayomsaidia msomaji asiye na kamusi: umbo la neno hubeba sehemu ya maana yake. Anayejua "tenga" ataielewa "tengana", na akiijua "tengana" hatashindwa na "utengano". Kabla hajafungua riwaya ya Said Ahmed Mohamed, jina la kitabu limekwisha mwambia kwamba watu waliokuwa pamoja hawatakuwa pamoja. Yaliyobaki, yaani nani anatengwa na nani na kwa nguvu gani, ni kazi ya kurasa za ndani. Hakuna kamusi inayoweza kuifanya kazi hiyo.

4. Kosa la sherehe

Kwa kuwa riwaya hizi ziliingia shuleni, wachapishaji na wahariri waliwaonea huruma wanafunzi wa mbali na pwani. Vitabu vingi vilivyotumika madarasani vikapewa sherehe. Nia ilikuwa njema. Mimi mwenyewe, nikiwa mhadhiri kijana, niliombwa kuandaa sherehe ya riwaya moja ya shule, nami nilikubali kwa furaha.

Katika riwaya hiyo kulikuwa na msichana anayekwenda kisimani, na neno "kata" lilitumika mara mbili katika ukurasa mmoja. Kiswahili kina kata ya kifuu cha nazi chenye mpini, inayotumika kuteka maji. Kina pia kata ambayo sehemu nyingine huitwa ngata: duara la nguo au majani linalowekwa kichwani ili mtungi ukae. Achilia mbali kata ya utawala, na kitenzi "kata" kinachojulikana na wote. Nami nikaandika katika sherehe: "kata: chombo cha kutekea maji". Nilikuwa nimesoma sentensi ya kwanza, sikuisoma ya pili kwa makini.

Miaka kadhaa baadaye, mwalimu wa sekondari alinijia baada ya semina. Alikuwa na karatasi ya mwanafunzi wake aliyeulizwa maana ya neno hilo kama lilivyotumika katika sentensi ya pili. Binti huyo alijibu kwamba ni ngata. Msahihishaji, akiwa na sherehe yangu mbele yake, alimpa sifuri. Mwalimu aliniuliza kwa adabu: "Profesa, huyu msichana wa kwenye hadithi alijitwika kifuu cha nazi, kisha akaweka mtungi juu yake?" Sikuwa na jibu. Mwanafunzi alikuwa ameisoma riwaya. Msahihishaji alikuwa amenisoma mimi.

Kosa lile lilikuwa langu, na toleo lililofuata lilirekebishwa. Hata hivyo sioni kwamba tatizo lilikuwa uzembe wangu peke yake. Sherehe humpa msomaji neno nje ya sentensi, bila ngeli yake, bila kusema linatumika wapi, na kwa maana moja tu. Inapogeuzwa kuwa mwongozo wa mtihani, mwanafunzi mwerevu huanza kitabu kutoka nyuma: hukariri maneno sitini, na riwaya hubaki kuwa karatasi zilizoyatangulia.

5. Hitimisho

Leo hatuna tena uhaba wa kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imechapishwa upya zaidi ya mara moja. BAKIZA ilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na BAKITA Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Simu ya mkononi nayo hutoa maana kabla msomaji hajamaliza sentensi. Sishauri tuzitupe nyenzo hizi. Ninachoomba ni kwamba tuzipange mahali pake.

Kwa wanafunzi: mnapokutana na neno geni katika riwaya, lipigieni mstari mwepesi, kisha endeleeni kusoma. Likija mara ya pili na ya tatu, andikeni katika daftari sentensi zote, si neno peke yake, na mkadirie maana. Hapo ndipo mfungue kamusi, si kutafuta jibu bali kujisahihisha. Na kama kamusi haina neno hilo, muulizeni mzee anayetoka alikotoka mwandishi, maana huenda kamusi ndiyo yenye upungufu.

Kwa walimu na watahini: ulizeni neno ndani ya aya yake, na mkubali jibu ambalo aya inalithibitisha, hata kama sherehe haikulitaja.

Kwa wanaleksikografia wenzangu: kamusi zetu kwa kawaida hutoa mifano ya matumizi bila kusema imetoka katika kitabu gani wala mwaka gani. Riwaya za miaka ya 1960 na 1970 zimehifadhi maneno ya kazi na ya nyumbani ambayo wazungumzaji wake wanapungua. Tuzisome kwa kalamu mkononi, tuandike neno, sentensi, kitabu na mwaka, kabla wale wanaoweza kutusahihisha hawajaondoka.

Mzizi wa Kiarabu uliotupa "sharh" una pia maana ya kufungua na kukunjua kifua. Msichana yule aliyejibu "ngata" alikuwa amefunguliwa neno na riwaya yenyewe, nasi tukamnyima alama kwa sababu hiyo. Sikupata kumwona ili nimwombe radhi. Basi nauweka mhadhara huu mahali pa radhi hiyo.