Upanga wa Kijapani: Wa Kweli au wa Bandia?

Somo letu la leo lahusu panga za jeshi la Japani, lile ambalo askari wa K.A.R. walipigana nalo huko Burma mwaka 1944. Siku hizi panga hizo huuzwa kwa intaneti, na mnunuzi huona picha tu. Atajuaje kama si za bandia? Na tuanze na historia yake.

Zamani samurai alivaa upanga kiunoni. Mwaka 1876 serikali ya Japani iliikataza desturi hiyo, isipokuwa kwa askari, polisi, na wakubwa waliovaa mavazi rasmi. Wahunzi wengi wakakosa kazi. Lakini katika miaka ya 1930 jeshi lilikua, na panga zikatakiwa tena kwa wingi. Afisa alijinunulia wake. Mwingine alitia upanga wa babu zake katika ala ya kijeshi, na wengi walinunua panga zilizofanywa upesi upesi kwa chuma cha kiwandani. Sajini alipewa upanga wa serikali, wa namna iliyoanza mwaka 1935, uliotengenezwa kwa mashine na kupigwa namba.

Basi hapa ndipo watu wanapokosea. Husema, "Una namba, kwa hiyo ni wa bandia." Sivyo. Upanga wa sajini hutazamiwa kuwa na namba kwenye bapa, na ala yenye namba ile ile ni dalili njema. Husema tena, "Una sahihi ya mhunzi, kwa hiyo ni wa thamani." Hiyo nayo si hoja, maana hata panga za kiwandani zilitiwa sahihi, na sahihi za mafundi mashuhuri zimeigwa tangu zamani.

Shahidi mwaminifu ni msuka, yaani chuma kilichofichwa ndani ya mpini. Katika upanga wa afisa, mpini hushikwa kwa kijiti cha mwanzi. Kikitolewa, msuka huonekana. Kutu ya miaka mingi ni nyeusi, tena imetulia. Kutu ya kulazimishwa kwa dawa mara nyingi ni nyekundu na hupukutika. Mwombe muuzaji picha ya msuka. Akikataa, funga mkoba wako.

Na mwenye upanga asiisugue kutu hiyo kamwe. Japani iliposhindwa mwaka 1945, panga nyingi ziliharibiwa, nyingine zikachukuliwa nyara. Anayesugua msuka hufuta ushahidi, na hakuna awezaye kuurudisha.