Gerimani na Silikoni: Kutoka Kipushi hadi Redio za Malinya

Dhahabu si kitu kigeni Malinya. Huku Ikolomani, kusini mwa mji wa Kakamega, watu wamekuwa wakiisaka tangu habari za dhahabu zilipovuma mwaka 1931, na ingawa mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, vijana bado wanashuka mashimoni kwa sururu na karai. Wanachopandisha juu ni mawe meupe ya kwatzi, yanayopondwa hadi kuwa unga ili dhahabu ipatikane. Unga wenyewe humwagwa. Ni vigumu kuamini kwamba ndani ya uchafu huo mna silikoni, elementi inayoendesha kila simu iliyo mfukoni mwa mchimbaji.

Hata hivyo, silikoni haikuwa ya kwanza kufanya kazi hiyo. Tarehe 16 Desemba 1947, katika maabara ya Bell nchini Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walibandika ukanda mwembamba wa dhahabu kwenye pembetatu ya plastiki, wakaukata kwa wembe pale penye ncha, kisha wakaukandamiza kwa springi juu ya kipande cha kijivu. Ishara ndogo ya umeme iliyoingia ikatoka imekuzwa. Hiyo ilikuwa transista ya kwanza duniani, na kipande kile cha kijivu kilikuwa gerimani.

Elementi hizi mbili ni za ukoo mmoja. Hazipitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala haziuzuii kama mpira. Ndiyo maana huitwa vipitishi nusu. Mrusi Dmitri Mendeleev alitabiri gerimani mwaka 1871 alipoona pengo chini ya silikoni katika jedwali lake. Mwaka 1886 Clemens Winkler akaipata Freiberg, akaipa jina la nchi yake, Ujerumani. Wahandisi waliipenda mapema kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 938 za Selsiasi, ilhali silikoni hungoja hadi 1,414, hivyo kuisafisha kulikuwa rahisi zaidi.

Sehemu kubwa ya gerimani ya miaka hiyo ilichimbwa na watu wanaozungumza Kiswahili. Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi katika Katanga nchini Kongo, uliokuwa wa kampuni ya Union Minière, ulikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya gerimani duniani katika miaka ya 1950. Ilitoka pamoja na shaba na zinki, ikasafirishwa Ubelgiji kusafishwa, na baadaye ikarudi Afrika ndani ya redio.

Na redio hizo zilibadilisha maisha ya kijijini. Zile za awali zilitumia vali, taa za kioo zenye njaa ya umeme na betri kubwa za bei ghali. Redio ya transista ilitosheka na mawe machache, yaani betri ndogo, ikabebwa begani hadi shambani, sokoni, na kwenye uwanja wa kupiganisha mafahali. Mwaka 1964 Sauti ya Kenya iliundwa, na mwaka huohuo ikazaliwa Abaluhya United, klabu inayojulikana leo kama AFC Leopards. Mashabiki walisikia mpira bila kupanda basi kwenda Nairobi. Baadaye kiwanda cha mawe ya Eveready kikafunguliwa Nakuru.

Fundi aliyefungua redio ya wakati huo aliweza kukuta transista kama OC71, kichupa kidogo cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi. Rangi ile haikuwa pambo. Gerimani huhisi mwanga, na rangi ikikwaruzika, transista hugeuka kuwa jicho.

Udhaifu wake mkubwa ulikuwa joto. Kila joto linapopanda kwa takriban nyuzi 10, umeme unaovuja ndani ya gerimani huongezeka karibu maradufu. Redio iliyoachwa juani kutwa ilianza kukoroma na kumaliza mawe upesi. Gerimani huishiwa nguvu kwenye nyuzi 80 hivi. Silikoni huvumilia hadi 150 na zaidi. Mei 1954, mjini Dayton, Gordon Teal wa Texas Instruments alilionyesha jambo hilo mbele ya wahandisi. Alitumbukiza transista za gerimani za gramafoni katika mafuta ya moto, muziki ukakatika. Alipotumbukiza za silikoni, muziki uliendelea.

Lakini kilichoizika gerimani zaidi ni kutu yake, yaani oksidi. Oksidi ya silikoni ni ngumu, haiyeyuki majini, na hulinda kipande chote kama ganda. Juu ya ganda hilo ndipo Jean Hoerni alipojenga mbinu yake ya kutengeneza transista bapa mwaka 1959. Oksidi ya gerimani huyeyuka majini. Tena silikoni ni zaidi ya robo ya uzito wa tabaka la juu la dunia, ilhali gerimani ni haba mno.

Hata hivyo, fundi wa redio hakuagana nayo. Dayodi ya kunasa sauti ilibaki ya gerimani kwa miaka mingi, kwa kuwa huanza kupitisha umeme kwenye volti 0.3 tu. Silikoni hudai 0.7, na mawimbi dhaifu kutoka mbali hayafiki hapo.

Leo paneli za sola juu ya mabati ya Malinya ni silikoni. Gerimani nayo imo ndani ya nyuzi za kioo zinazoleta intaneti kutoka baharini Mombasa, ikiongoza mwanga usitoroke. Agosti 2023 China ilianza kudhibiti uuzaji wake nje, na mwaka 2024 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, ikaanza kusafirisha gerimani iliyotolewa katika kilima cha mabaki ya kiwanda cha shaba Lubumbashi, mabaki yaliyodhaniwa takataka kwa miongo mingi.

Kwa hiyo mwenye redio ya babu, iliyokaa kabatini Malinya au kwingineko, asiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Aipeleke shule ya jirani, wanafunzi waifungue na kuona transista hizo kwa macho yao.