Mkate Usiotiwa Chachu: Kutoka Misri hadi Altareni



Wapendwa waamini, kila Dominika twapokea hostia nyembamba, nyeupe, isiyo na hamira. Ni wachache kati yetu wajiulizao ilikotoka, na wachache zaidi wajuao kwamba hamira hiyo isiyokuwemo iliwahi kuchangia kuligawa Kanisa.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, chasimulia jinsi Waisraeli walivyofukuzwa Misri kwa haraka, unga wao ukiwa umekandwa bali haujaumuka. Kumbukumbu la Torati (16:3) hulihusisha jambo hilo na mateso yao. Wayahudi wameishika amri hii kwa makini ya kustaajabisha: usiku mmoja kabla ya karamu ya Pasaka nyumba hupekuliwa kwa mwanga wa mshumaa, isibaki hata chembe ya chachu, na unga uliolowa maji ukiachwa dakika 18 huhesabiwa kuwa umeanza kuchacha. Mwanakondoo, aliyekuwa kiini cha karamu, hawamchinji tena kwa sadaka tangu Warumi walipolibomoa Hekalu mwaka 70. Mezani umebaki mfupa wa kumkumbuka, pamoja na mboga chungu za utumwa. Mkate ndio uliodumu.

Je, Bwana wetu aliutwaa mkate gani? Mathayo, Marko na Luka waiweka Karamu ya Mwisho katika siku za mikate isiyotiwa chachu. Yohane (18:28) aonyesha kuwa asubuhi ya mateso Pasaka ilikuwa bado haijaliwa. Kanisa la Kilatini lilishika mkate usio na chachu. Wagiriki walishika ulioumuka, wakisema kuwa chachu ni ishara ya uhai na ya Kristo Mfufuka, na kwamba mkate wa Walatini ulikuwa kama mwili usio na roho. Walatini nao walikuwa na Mtume Paulo (1 Kor 5:7-8), afananishaye chachu ya kale na uovu. Kwa maoni yetu, kila upande ulisoma vema ishara yake, ila ulisoma vibaya ya mwenzake.

Ugomvi huo ulifika kilele enzi za Patriarki Michael Cerularius. Tarehe 16 Julai 1054 Kardinali Humbert aliweka hati ya kumtenga juu ya altare ya Hagia Sophia, Konstantinopoli. Mkate haukuwa sababu pekee. Mamlaka ya Papa na maneno ya Kanuni ya Imani yalikuwamo pia. Lakini mkate ndio ulioonekana kwa macho ya kila muumini.

Mtaguso wa Firenze, tarehe 6 Julai 1439, ulitamka kwamba Mwili wa Kristo hufanyika kweli katika mkate wa ngano, wenye chachu au usio nayo, kila padre akifuata desturi ya Kanisa lake. Muungano uliotangazwa siku hiyo haukudumu, bali fundisho hilo limesimama. Hati za kutengana zenyewe ziliondolewa tarehe 7 Desemba 1965 na Papa Paulo VI na Patriarki Athenagoras.

Sheria ya Kanoni ya mwaka 1983, kanuni ya 926, yaagiza padre wa Kilatini atumie mkate usiotiwa chachu popote aadhimishapo. Kanuni ya 923 yamruhusu mwamini kukomunika katika madhehebu yoyote ya Kikatoliki. Basi, mmoja wetu akisali na Wakatoliki wa Kibizanti, huenda akapewa kwa kijiko kipande cha mkate ulioumuka, kilicholoweshwa katika Damu ya Kristo. Naye aitikie Amina.