Kusubu

Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka katika kalibu ili ipate umbo. Siwa ya shaba ya Lamu, baragumu la watawala, ilisubiwa kwa nta.

Fundi hufinyanga umbo kwa nta, hulipaka udongo tabaka kwa tabaka, kisha huuchoma. Nta hutiririka nje. Shaba yenye joto la karibu nyuzi 1,000 hujaza pengo. Ikipoa, kalibu huvunjwa. Mapanga ya turbini za injini za ndege husubiwa vivyo hivyo, ila kwa kalibu za seramiki.

Nta kama hiyo hupatikana pia Ukambani. Kabati, Kitui, ni nchi ya mizinga ya nyuki: masega yaliyokamuliwa huchemshwa, nta ikachujwa kwa kitambaa. Lakini wahunzi wa Kikamba walisifika kwa mikufu ya waya wa shaba, na waya huvutwa, hausubiwi.