Keria ya Nondo: Historia ya Baiskeli za Mizigo Mpanda

Mpanda, mkoani Katavi, ilikua kwa sababu ya madini ya risasi. Ndiyo yaliyovuta reli kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940, zaidi ya kilomita 200 za kukata pori la miombo. Mgodi ulifungwa karibu na wakati wa uhuru, lakini treni iliendelea kuja. Ila treni huishia stesheni, na mahindi, mpunga na tumbaku viko mashambani. Mzigo wa hapo katikati ulibebwa kichwani, hadi baiskeli ilipoingia.

Zilikuja Raleigh za Uingereza, zikafuata Phoenix za Shanghai na Avon na Hero za India, na wakati mmoja hata Swala zetu wenyewe. Majina mengi, umbo lile lile: fremu ya chuma, magurudumu ya namba 28, breki za fimbo. Raleigh ya kawaida ilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, maana watengenezaji walijua uzito hukaa wapi. Hata hivyo walimfikiria mtu mmoja na kifurushi chake. Gunia la mahindi la kilo 100 hawakulifikiria.

Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, maelfu ya wakimbizi waliwekwa katika makazi ya Katumba, karibu na Mpanda, na baadaye wengine Mishamo. Walipewa ardhi wakafyeka pori, na baada ya misimu michache wakawa na chakula cha kuuza. Mazao hayo yalihitaji kufika sokoni, na wenye lori walikuwa wachache. Naamini habari za uchumi wa Katavi hazijakamilika bila mafundi baiskeli, wale wanaokaa chini ya mwembe na boksi la spana, ambao hakuna ofisi iliyoweka kumbukumbu za kazi yao.

Kazi yenyewe huanzia nyuma. Keria ya dukani inang'olewa, maana vyuma vyake vyembamba hupinda safari ya kwanza. Inachomelewa mpya kwa nondo, pana na ndefu, miguu yake ikishuka hadi kwenye ekseli ili uzito uende kwenye gurudumu badala ya kuning'inia kwenye fremu. Foku inaongezewa vyuma viwili vya pembeni, kutoka shingoni hadi ekseli ya mbele. Spoku nyembamba zinatolewa, zinawekwa nene. Mwisho unakuja mpira wa kufungia, tyubu kuukuu iliyokatwa utepe mrefu. Ukivutwa sawasawa, gunia halichezi hata barabara ikiwa ya makorongo. Breki za fimbo hazitoshi kwa mzigo huo, kwa hiyo mteremkoni mtu hushuka na kuizuia baiskeli kwa mwili wake. Hapo ndipo watu huumia.

Mwenye mkaa mara nyingi hapandi kabisa. Magunia yakishajaa juu na ubavuni, nafasi ya kukaa haipo. Hufunga mti kwenye usukani ili aufikie akiwa kando, na mwingine wima nyuma ya kiti, kisha anasukuma. Wavietnamu walifanya hivyo hivyo kwa mianzi mwaka 1954, walipopeleka chakula na silaha Dien Bien Phu kwa baiskeli za Kifaransa, na moja iliweza kubeba zaidi ya kilo 200. Sidhani kuna aliyemfundisha mwenzake. Mzigo mzito na njia nyembamba huelekeza watu pale pale.

Siku hizi pikipiki za Kichina na za Kihindi zimechukua safari ndefu, na za magurudumu matatu zinabeba simenti na maji mjini. Baiskeli imebaki kwa asiye na hela ya mafuta: madumu ya lita 20 ya maji, kuni, mkaa, mihogo. Mafundi wengi hawakufunga kazi. Pikipiki mpya nayo hufika na keria dhaifu, na mwenye nayo huipeleka kwa fundi, inang'olewa, inachomelewa ya nondo.