Tarehe ya Ripley, Mji wa Wavushaji

Kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Ohio, nchini Marekani, upo mji mdogo uitwao Ripley. Uliasisiwa mwaka 1812 na Kanali James Poage, mzaliwa wa Virginia, ukiitwa Staunton; mwaka 1816 ukapewa jina la Jenerali Eleazer Ripley. Ng'ambo yake ni Kentucky. Tangu mwaka 1787 sheria ilikataza utumwa kaskazini ya mto huo. Kusini yake, binadamu alipigwa mnada pamoja na mifugo.

Mwaka 1822 alihamia hapo Mchungaji John Rankin wa Kanisa la Presbiteri. Alipopata habari kwamba ndugu yake amenunua watumwa, alimwandikia barua nyingi za kumkanya, zikachapwa kama kitabu mwaka 1826. Kisha alijenga nyumba ya matofali juu ya kilima, mahali inapoonekana tokea Kentucky. Yeye, mkewe Jean na watoto wao 13 waliwapokea watumwa watoro usiku wa manane, wakawalisha na kuwaficha. Vijana wa nyumba hiyo ndio waliotandika farasi na kuwapeleka Red Oak au Sardinia, ambako wenyeji wengine waliwapokea na kuwasogeza mbele kuelekea Kanada.

Katika baridi ya mwaka 1838, mwanamke mmoja aliyembeba mtoto wake mchanga alivuka mto kwa miguu, barafu ikiwa imeanza kupasuka, akapokewa kwa akina Rankin. Harriet Beecher Stowe alikitumia kisa hicho katika riwaya yake ya mwaka 1852, na dunia ikakijua. Mwaka huohuo wa 1838, John Mahan wa Sardinia alikamatwa kwa shtaka la kuwasaidia watoro na kufungiwa Kentucky hadi mahakama ilipomwachia. Mwaka 1841 watetezi wa utumwa waliivamia nyumba ya Rankin usiku. Wanawe wakawarudisha nyuma kwa risasi.

Lakini kilimani palifika yule tu aliyekwisha kuvuka, na sehemu kubwa ya kazi ya kuvusha ilikuwa mikononi mwa watu weusi. John P. Parker alizaliwa utumwani Norfolk, Virginia, mwaka 1827. Akiwa na umri wa miaka 8 aliuzwa, akatembezwa kwa minyororo hadi Mobile, Alabama. Huko alijifunza kusubu chuma, na mwaka 1845 akajikomboa kwa dola 1,800 alizozilipa kwa jasho lake. Alipohamia Ripley, mchana alisubu chuma katika kiwanda chake, usiku alipiga makasia hadi Kentucky, ingawa huko kichwa chake kilitangaziwa zawadi ya dola 1,000. Safari moja aliwafuata mume na mke ambao bwana wao, ili wasitoroke, alimlaza mtoto wao chumbani kwake, bastola ikiwa karibu. Parker alinyata hadi kitandani, akamchukua mtoto, akawavusha wote watatu.

Naye Arnold Gragston, mtumwa wa ng'ambo ya Kentucky, aliwavusha wenzake kwa miaka kadhaa, usiku usio na mwezi, wengi wao bila hata kuziona nyuso zao. Kila safari aligusa ardhi ya uhuru, kisha akarudi utumwani kuwachukua wengine, hadi siku alipovuka yeye mwenyewe na mkewe wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani.

Sheria ya Septemba 1850 ilizidisha hatari. Aliyemsaidia mtoro angeweza kutozwa faini ya dola 1,000 na kufungwa miezi 6, na mtoro aliwindwa hata ndani ya majimbo huru. Parker alikuwa akiandika daftarini habari za watu aliowasaidia. Akalitupa katika tanuri la kiwanda chake ili lisije likawa ushahidi.

Utumwa ulifutwa kikatiba Desemba 1865. Rankin alifariki mwaka 1886, Parker mwaka 1900. Masimulizi ya Parker, aliyompa mwandishi wa habari katika uzee wake, yalichapishwa kama kitabu mwaka 1996 tu. Leo nyumba za wote wawili zinahifadhiwa, na wanastahili. Ila heshima ya kwanza ya mji huu ni ya wale ambao majina yao yaliungua katika tanuri lile: waliacha ndugu na jamaa, wakatembea usiku mashambani Kentucky bila ramani, wakafika ukingoni kabla mvushaji yeyote hajawaona. Ripley iliwapokea. Uhuru walikuwa wamekwisha kuuanza wenyewe.